Neno Moja Ukurasa wa Nne

Naibu Katibu Anselmo Quirante alikutwa saa kumi na moja jioni, amelala chali nyuma ya meza yake, ghorofa ya saba ya wizara yake, kichwa kimepasuka upande wa kushoto na miwani ingali usoni. Aliyemwona ni mama wa usafi. Alipiga ukelele mmoja, akakimbilia lifti, na lifti ya jengo lile, kama kawaida yake, haikuja.

Inspekta Perla Dumlao alifika nusu saa baadaye, shati limemganda mgongoni. Madirisha yote yalikuwa ya kioo kisichofunguka. Kiyoyozi kilikufa tangu Aprili.

Kando ya maiti palikuwa na kitunguu cha shaba, kikubwa kama ngumi mbili, zawadi kutoka Chama cha Wenye Maghala ya Baridi. Kilikuwa kimepanguswa. Alama za vidole hakuna. Daktari wa uchunguzi alisema kifo kilitokea kati ya saa nane na saa kumi alasiri.

Vitunguu, jamani! Mwaka ule Manila nzima haikuwa na habari nyingine. Kilo ya vitunguu ilipita kilo ya nyama kwa bei, na watu wazima na akili zao walikuwa wakinunua kimoja kimoja. Kuviagiza kutoka nje kulitaka kibali, na vibali vyote walikuwa navyo watu saba tu, wenye maghala. Marehemu alikuwa ametangaza kwamba Ijumaa saa sita mchana atatia saini agizo la kufuta vibali. Anayetaka kuleta vitunguu alete, soko liamue lenyewe.

Sasa ilikuwa Alhamisi, na mtia saini amelala sakafuni.

Mshukiwa alipatikana upesi mno. Esteban Macaraeg, mkulima wa vitunguu kutoka mkoa wa Nueva Ecija, miaka sitini na minne, kwao wanamwita Mzee Teban. Siku hiyo wakulima mia mbili waliletwa kwa mabasi ya Chama cha Wenye Maghala waje kupiga kelele barabarani kulipinga agizo. Mzee Teban hakutosheka na barabara. Alipanda mpaka ghorofa ya saba, akamfokea marehemu mlangoni pake: "Ukivifungulia vitunguu vya nje wakati wa mavuno umetuua! Basi nitatangulia mimi kukuua wewe!" Nusu ya ghorofa ilimsikia. Polisi wakamkuta kwenye ngazi za dharura, ameketi, mikono imevimba.

Simu ya Kanali Samaniego iliingia papo hapo.

"Perla, mtu unaye. Kesho saa sita mchana awe kwa mwendesha mashtaka."

"Afande, hata sijamhoji."

"Mhoji. Lakini saa sita ni saa sita. Kule juu wananipigia kila dakika kumi, na mimi nina watoto wa kusomesha."

Kosa la kuua ni kifungo cha maisha. Kwa mtu wa miaka sitini na minne, hiyo ni kuingia wima na kutoka ndani ya sanduku. Inspekta Perla alilijua hilo, na Mzee Teban pia alilijua.

Asubuhi ya Ijumaa waliketi ana kwa ana kituoni.

"Mzee, ulimpiga?"

"Nilimtukana. Kumtukana, nilimtukana vizuri tu."

"Kisha ukajificha kwenye ngazi."

"Nani ajifiche mule, mwanangu? Mlinzi alinisukuma nitoke. Nikaona mlango, nikajua ndio wa kutokea. Ukajifunga nyuma yangu. Nikashuka, wa chini umefungwa. Nikapanda, wa juu umefungwa. Nimegonga ghorofa zote saba mpaka mikono imekufa ganzi."

"Simu huna?"

"Iko kwenye basi. Na basi limeshaondoka na wenzangu, hata hawakuuliza niko wapi."

Aliitazama mikono yake iliyovimba. "Vitunguu vyangu viko ardhini. Mke wangu hawezi kuving'oa peke yake. Niambie ukweli, mwanangu, nitatoka?"

Inspekta Perla aliinuka. Alirudi wizarani, akapanda ghorofa ya saba, akausukuma ule mlango wa ngazi. Ukafunguka kirahisi. Akaingia. Ukajifunga. Akauvuta. Thubutu!

Alishuka akijaribu mmoja mmoja. Hakuna uliokubali, na mtandao wa simu mule ndani haukuwapo. Alijicheka, askari mzima. Kisha kicheko kikakatika, jasho likamtiririka machoni, akaanza kugonga kwa viganja vyote viwili. Hofu ilimpanda kweli, wala hakuwa na pa kuificha.

Dakika kumi na moja zikapita. Mlango wa ghorofa ya tano ukafunguliwa na mlinzi mnene aliyeshika chapati ya nazi.

"Kumbe ni wewe, afande! Nilidhani ni wale mafundi tena."

"Mafundi gani?"

"Jana waligonga alasiri nzima. Walianza wakati kipaza sauti kinatusalisha sala ya saa tisa. Watu tunasali, mtu anagonga! Nilikasirika mimi, acha tu."

"Sala ilikuwa imekwisha au inaendelea?"

"Ndiyo kwanza inaanza."

Basi saa tisa kamili Mzee Teban alikuwa ameshanasa. Na rekodi za simu zilionyesha kwamba saa tisa na robo marehemu alikuwa hai, anazungumza na Wakili Gaudencio Lacsamana, msemaji wa Chama cha Wenye Maghala. Inspekta Perla alimpigia Kanali akihema kwa furaha.

"Nilikwambia uniletee muuaji, Perla," Kanali alisema. "Umeniletea mlango. Saa sita."

Zilibaki saa mbili na nusu.

Wakili Lacsamana hakuhitaji kuitwa. Alikuwapo wizarani tangu asubuhi, anafariji watu, anagawa maandazi ya siagi na jibini kutoka kwenye boksi la utepe. Alimkaribisha inspekta kana kwamba ofisi ile ni sebule yake.

"Jana saa tisa na robo mlizungumza nini na marehemu?"

"Agizo. Lilikuwa tayari. Lilibaki jambo dogo la kikarani."

"Jambo gani?"

"Herufi za jina, ukurasa wa nne."

Katika wizara ile, kila ukurasa wa agizo lazima uwe na herufi za jina la mwandishi wake chini kabisa. Ukurasa ukibadilishwa, mwandishi anatia upya. Bila herufi, wakubwa hawagusi karatasi. Inspekta Perla aliomba nakala, akaifunua. Kurasa kumi na moja. Kumi zina herufi S.A. Ukurasa wa nne hauna kitu.

Akasoma kwa sauti: "'Kila mwagizaji anayestahili ataruhusiwa kuingiza vitunguu bila kibali.' Mwanzoni lilisemaje?"

"Kila mwagizaji."

"Na anayestahili ni nani?"

"Mwenye ghala la baridi. Ni usalama wa chakula tu, Inspekta. Sisi hatulipingi soko huria. Tunalishika mkono lisianguke."

"Wenye maghala wako wangapi?"

"Saba."

"Na wenye vibali leo?"

Wakili alichagua andazi. "Saba."

"Walewale?"

"Biashara yetu ni ndogo, tunajuana. Onja, Inspekta, bado la moto."

Hakuonja. Damu ilikuwa inamchemka. Mabasi yote yale, mabango yote yale, wazee wa watu wamesimama juani wakipiga kelele, kumbe ni kumtisha marehemu tu mpaka akubali neno moja. Lakini kumchukia mtu si ushahidi. Lacsamana alikuwa na mashahidi arobaini wa chakula cha mchana kilichoendelea mpaka jioni. Zaidi ya hayo, yeye alimhitaji marehemu akiwa hai, mwenye mkono wa kutia saini.

S.A. alikuwa Dokta Severina Abrenica, mchumi wa wizara, miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini alikuwa akiandika agizo lile, na kwa miaka ishirini wakubwa walikuwa wakilitia kabatini. Alimpokea inspekta akiwa amekaa wima, mikono juu ya meza.

"Jana uliondoka saa ngapi, Dokta?"

"Mapema. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja."

"Marehemu hakukuita kwa ajili ya ukurasa wa nne?"

"Hakuniita."

"Habari za kifo ulizipata lini?"

"Saa moja jioni, kwenye televisheni. Nilishtuka sana."

Jibu lilinyooka. Inspekta Perla aliaga akiwa amekata tamaa. Saa tano ilikuwa imepita, na kwenye selo ya kituo Mzee Teban alikuwa anangoja gari la kumpeleka. Uani alimkuta Tinoy, dereva wa wizara, anafuta kioo.

"Jana ulimpeleka Dokta Severina?"

"Nyumbani kwake, afande. Ila tulipitia kule kwanza." Akaonyesha kwa midomo mkahawa wa ng'ambo ya barabara.

"Alikuwa na njaa?"

"Wapi! Aliagiza supu mbili za tambi, yake hakuigusa. Nikazimaliza zote mimi, Mungu anisamehe. Tena mtu yuko msibani."

"Msiba upi?"

"Si ndio nashangaa! Aliingia garini akasema, 'Tinoy, tusiende nyumbani moja kwa moja, tupitie mahali kwanza.' Nikampa pole. Nikamuuliza ni nani aliyefariki. Hakujibu, akaanza kulia."

Inspekta Perla alisisimka mwili mzima. Hakuna mtu Manila asiyelijua jambo lile. Ukitoka kwenye maiti huendi kwako moja kwa moja. Unapitia popote, dukani, mkahawani, ukae kidogo, ili marehemu apotee njia, asikufuate nyumbani.

"Ilikuwa saa ngapi, Tinoy? Fikiri vizuri."

"Saa kumi kasoro. Watoto wa shule walikuwa wanatoka."

Saa kumi kasoro maiti ya Quirante ilikuwa haijaonwa na mtu. Ila mmoja.

Alipanda tena. Dokta Severina alikuwa amekaa vilevile, kana kwamba amegandishwa kitini.

"Dokta, jana ulitoka kwenye msiba wa nani?"

"Sijakwenda msibani mimi."

"Tinoy alikupa pole."

Dokta akavua miwani, akaiweka mezani polepole.

"Mdomo ulisema wenyewe," alisema. "Sikufikiri hata kidogo. Nyumbani nina mjukuu wa miaka mitatu, anakuja kunipokea mlangoni. Ningempelekeaje marehemu?"

"Anza mwanzo."

"Aliniita. Akaniambia, Severina, tia herufi zako hapa. Nikaliona lile neno. Nikamwambia lifute. Akacheka. Akasema soko huria utalipata, ila litakuwa na bawabu. Nikasema sitii. Akasema nisipotia atatangaza kwamba agizo zima niliandikiwa na walanguzi wa nje, na mpaka nife nitakuwa nashinda kwenye kamati za uchunguzi. Nitie, jina langu liko chini ya uongo. Nisitie, mimi ndiye mwongo. Aliipanga vizuri, sikuona pa kutokea."

"Kwa hiyo?"

"Akanigeuzia kalamu. Hivi, kama unavyompa mtoto. Nikashika kilichokuwa karibu."

"Kisha ukakipangusa."

"Kwa leso yangu. Nilikuwa mtulivu sana, Inspekta. Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Na Mzee Teban?"

Kwa mara ya kwanza alitazama chini. "Nilijiambia hana kosa, watamwachia."

"Wamwachie kwa lipi? Aliyejua ulikuwa wewe peke yako!"

Saa sita kasoro dakika kumi Kanali alipokea taarifa ya ungamo. Akakohoa.

"Kazi nzuri, Perla. Mwachie mzee. Na ile karatasi ya agizo usihangaike nayo, Kaimu wa marehemu ameshatia saini."

"Bila herufi?"

"Anasema herufi ni mazoea tu, si sheria."

Dokta Severina alikuwa amesikia. "Na lile neno?"

"Limo," Inspekta Perla alisema.

Mwanamke yule alifunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika.

Kituoni walipishana ukumbini, mmoja anaingizwa, mwingine anatolewa. Mzee Teban alisimama. Alikuwa ameshaambiwa.

"Ni wewe uliyetaka vitunguu vya nje viingie?"

"Ni mimi."

"Na waliotuleta kwa mabasi, wakatuambia tunakuja kuvizuia?"

"Walitaka viingie vyao peke yao."

Mzee alilitafuna hilo, midomo ikimcheza.

"Nisamehe, Mzee wangu," Dokta Severina alisema. "Nisamehe sana."

"Jana usiku ulijua kwamba nimo ndani?"

"Nilijua."

"Ukala?"

Askari waliokuwa karibu walijitia wanatazama kwingine.

"Nilimlisha mjukuu," alisema, "kisha nikala."

"Basi msamaha njoo uombe siku nyingine," Mzee Teban alisema. "Leo sina."