Shati la Mpangaji wa Uani

Harufu ya mafuta ya karafuu iliingia nyumbani kabla mafuta yenyewe hayajanunuliwa. Fundi aliisikia asubuhi alipofungua chumba chake cha kushonea. Akanusa mikono, akanusa vitambaa mezani, akafungua dirisha, kisha akajiambia kwamba ni akili tu inamchezea, kwa kuwa wiki nzima hakuwa akiwaza kitu kingine ila mchezo wa Jumamosi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa na ushindani, na ushindani ulitoka kwa wifi. Jozi tatu za wanandoa, yaani fundi na mumewe, wifi na mumewe kinyozi, na majirani wa ghorofa ya juu, walikuwa wakialikana kwa zamu jioni za Jumamosi. Zamu iliyopita wifi aliwachezesha karata, akapika hadi meza ikajaa, na alipokuwa akiwasindikiza mlangoni akasema haya, tuone wenzetu watafanya nini. Fundi alirudi kwake roho ikimfukuta. Akaamua kwamba kwake wageni watacheza mchezo wa kumsaka muuaji: mtu ameuawa ndani ya nyumba, kila mgeni ana jambo analoficha, na kabla vyombo havijaondolewa mezani muuaji awe amejulikana.

Tatizo likawa maiti. Wifi aliposikia kwamba kinyozi alazwe sakafuni na kufunikwa shuka, alikataa katakata. Alisema huko ni kujichuria, na yeye bado hajachoka kuwa na mume. Jirani naye akasingizia mgongo. Basi fundi akabuni marehemu wake mwenyewe: mpangaji wa chumba cha uani, mwanamume asiye na ndugu, mwenye jino bovu analolituliza kwa mafuta ya karafuu. Sehemu ya muuaji akampa mumewe. Huyo mume, ambaye kwa kazi yake ya kutengeneza majokofu ukoo mzima ulimwita Baridi, hajui kudanganya hata juu ya nani kamaliza sukari, na mkewe alitaka kuwaona wageni wakivunjika mbavu akijaribu. Katika hadithi waliyoipanga, Baridi alimuua mpangaji kwa kumkandamiza mto usoni.

Wangeishia hapo, wangekuwa salama. Mtu mwingine angechukua shati kuukuu, akaling'oa kifungo, akawaambia wageni hili ndilo shati la marehemu. Lakini huyu alikuwa fundi cherehani wa kweli, na aliona haya kumvalisha mtu nguo isiyomkaa, hata kama mtu mwenyewe hayupo. Akaamua kumshonea. Na kwa kuwa tangu ajifunze kazi hajawahi kukata kitambaa bila kupima, alivaa tepu shingoni, akasimama katikati ya chumba, akaanza kupima hewa.

Alimuuliza mumewe mabega yaweje. Baridi, kajilaza kwenye kochi, akasema mapana, mtu wa kubeba magunia. Na shingo? Nene. Fundi akapitisha tepu nyuma ya mgongo usiokuwepo, akamwomba huyo mtu ainue mikono, akamshukuru kama anavyowashukuru wateja wote. Walicheka mpaka wakashikana. Kwa miezi mingi walikuwa wakiishi kama wapangaji wawili, salamu na bili, na siku ile fundi alifurahi kweli, akawaza kwamba hata mchezo usipofana, umeshamrudishia mume wake.

Shati likaisha, akalitundika nyuma ya mlango. Kesho yake kola ilikuwa na jasho. Alimgombeza Baridi kwa kulivaa, naye akaapa hajaligusa. Akalivaa hapohapo kumwonyesha, na lilimpwaya hata akafanana na mtoto aliyeingia kwenye nguo za baba yake. Jasho lile lilikuwa bado bichi.

Halafu zikaja sauti. Kutoka chumba cha uani, ambamo hakuna kitu ila majokofu mabovu, fundi alianza kusikia mtu akivuta pumzi kwa meno, ssss, kimya, ssss, kama wanavyofanya wenye jino likiwachoma. Alikwenda mchana kweupe, akafungua mlango. Majokofu yalikuwa yamepangwa kama siku zote. Harufu ya karafuu ilikuwa nzito hadi ikamtoa machozi.

Ijumaa alijishawishi kwamba kinachomsumbua ni kosa la kipimo tu, labda kifua cha shati alikikata chembamba, na kwa mazoea tu, bila kufikiri, akainua tepu kupima tena ile hewa aliyoipima mwanzo, akapitisha ncha moja kushoto na nyingine kulia, akavuta, na tepu haikuja, ilizunguka kitu kipana chenye joto kilichokuwa kikipanda na kushuka taratibu kama kifua cha mtu aliyelala, na kabla hajapata sauti ya kupiga ukelele alihisi tepu ikilegea, kwa kuwa huyo aliyekuwa akipimwa alikuwa amekwisha kuinua mikono yake bila kuombwa.

Alikimbilia sebuleni. Baridi alikuwa amelala kochini, usingizi wake wa baada ya chakula, na mto ulikuwa juu ya uso wake, umezama katikati kama unaokaliwa. Miguu yake ilikuwa ikipiga kochi. Fundi aliuvuta mto kwa nguvu zake zote, na mto ulimvuta yeye, ukamvuta tena, kisha ukaachia.

Baridi alikohoa muda mrefu. Macho yalikuwa mekundu.

"Kuna mtu alinikalia," alinong'ona.

"Alisema kitu?"

"Aliniuliza alinikosea nini."

Hawakusubiri. Mtaa wa pili kulikuwa na mama aliyeuza mitungi ya gesi mbele ya nyumba, na nyuma akiwatibu wenye majini. Aliwasikiliza wote wawili bila kuwakatiza, kisha akaomba kuliona shati. Hakulishika.

"Majini hawa hupita tu majumbani mwetu, hawana sura wala shida na mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Ninyi mkamkamata mmoja mkampa mwili wa kipimo. Mkampa kifo. Mkampa na muuaji. Anadai haki yake."

Akawaambia njia ni mbili. Ya kwanza, fundi alifumue shati lote, mshono kwa mshono, labda jini akikosa mwili ataondoka. Ya pili ndiyo ya uhakika: amtajie muuaji mwingine, mtu wa kweli, kwa kinywa chake, naye atamwacha Baridi amfuate huyo. Njiani kurudi fundi alimwaza wifi. Alimwaza kwa muda mrefu, mpaka nyumbani, na alipojigundua anafanya nini aliona aibu hata akashindwa kumtazama mumewe. Akachagua kufumua.

Alifumua Jumamosi kutwa. Kila uzi uliotoka, mtu alivuta pumzi kwa meno pembeni ya sikio lake, na alipofika mabegani sauti ile ilikuwa imegeuka kilio cha mwanamume mzima, cha chini chini, naye akaendelea huku akilia pia, maana alimwonea huruma. Uzi wa mwisho ulipotoka, kilio kilikoma. Harufu ikaisha. Baridi alivuta hewa, akasema kifua ni chepesi, akaenda karakana kummalizia mteja jokofu lake, akaahidi kurudi chakula kikiwa bado moto.

Wageni walikuja. Fundi aliwaambia mchezo umeahirishwa, watakula tu, na wifi akatoa mguno uliotosha kujaza sebule. Ni kinyozi aliyejaribu kuchangamsha meza.

"Leo wakati nafunga kaingia jamaa mmoja, mabega hivi, tumbo wazi," alisema. "Nikamtania, kaka, shati umeliacha wapi? Akasema fundi wake kalifumua."

Majirani walicheka. Fundi aliweka kijiko chini.

"Alitaka nini?"

"Anamtafuta Baridi. Nikamwelekeza karakana. Si mteja wake?"

Simu ya Baridi iliita mara nyingi kabla haijapokelewa. Hakuna aliyesema halo. Kulikuwa na vishindo vya miguu ikipiga mabati, na sauti ya mumewe ikitokea mbali, imezibwa, kama ya mtu anayeongea ndani ya kitambaa kizito, na fundi alijua hana muda wa kukimbia hadi karakana, hana muda wa mama wa gesi, hana muda hata wa kuogopa. Nyuso zote za kutaja zilikuwa mezani zikimtazama, wifi kwanza, na safari hii hakumwaza hata kidogo.

"Mwache," alisema kwenye simu. "Si yeye. Nilikubuni mimi, na mimi ndiye niliyekuua."

Wifi alipiga makofi kwa furaha. Alisema kumbe mchezo upo, wametegwa wote, na safari hii anakubali kushindwa.

Kwenye simu vishindo vilikoma. Baridi alikohoa, akavuta pumzi, akakohoa tena.

"Mke wangu," alisema. "Katoka. Ameniachia, katoka mbio. Umemwambia nini?"

Fundi alikuwa akilia kwa shukrani, kwa kuwa mume wake alikuwa akipumua, na aliendelea kuisikiliza pumzi hiyo, simu imegandamana na sikio lake, wakati mlangoni mwanamume alipopiga hodi kwa upole.

"Ona, na mwigizaji mwingine kamwalika," wifi alisema. Ndiye aliyekuwa karibu na mlango, basi akainuka, akajipangusa mikono, na kuuvuta wazi. "Karibu, kaka. Pita ndani, mwenyewe yupo."