Mkono wa Shangazi Benadeta

Wiki ile, kila nilipotoka shule hapa Isingiro, nilibadili sare, nikabeba chupa ya uji wa mama na kuongozana na shangazi Benadeta hadi hospitalini. Mama alikuwa akimuuguza baba yangu, Lameck, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Pikipiki ilimwangusha akipeleka ndizi Rubwera, akaumia kichwa, na sasa alipumua kwa mashine. Watoto hatukuruhusiwa kuingia, kwa hiyo nilimtazama kupitia kioo.

Jumatano aliingia shangazi, dada yake baba. Kwetu mgonjwa hapitwi bila kupewa mkono, na ukinawa kabla ya kumshika ndugu yako, watu husema unamwonea kinyaa. Basi shangazi akalipita bomba la kunawia lililo mlangoni. Akamshika mkono mzee Clavery wa Kituntu, kitanda cha kwanza, akampa pole. Kisha akamshika baba, akamfuta jasho. Niliona yote nikanyamaza. Mtoto gani amkosoe shangazi yake?

Jumamosi baba aliwaka homa, na dawa hazikufua dafu. Muuguzi Costansia alituambia kuwa mapafu yameshambuliwa na bakteria, na huenda amewapata humo humo wodini. Mzee Clavery alikuwa na bakteria sugu, ambao dawa za kawaida haziwaui tena. Majibu ya baba kutoka maabara yangechukua siku mbili. Akauliza kama kuna ndugu aliyewagusa wote wawili. Mama, ambaye Jumatano hakuwapo chumbani na hakujua, akasema hapana. Shangazi akatazama sakafu.

Nilimpenda shangazi, lakini baba yangu alikuwa anakufa.

"Shangazi aliwashika wote," nikasema. "Hakunawa."

Mama alishtuka. Costansia akaenda moja kwa moja kwa daktari, na jioni ile baba akapewa dawa iliyomfaa mzee Clavery. Majibu yalipotoka, bakteria walikuwa wale wale. Siku ya nne homa ikashuka.

Shangazi hakunisemesha hadi baba aliporudi nyumbani, na iliniuma sana. Siku hiyo alikuja, akaenda kwanza kwenye ndoo, akanawa kwa sabuni hadi viwikoni. Kisha akaniita.

"Nilikasirika kwa sababu uliniaibisha, mwanangu," alisema. "Lakini tungenyamaza sote wawili, leo tungekuwa matangani. Ukiona kosa linaloweza kumdhuru mtu, sema, hata likiwa la mkubwa. Na mgonjwa unayempenda, nawa kabla hujamshika."

Akanyoosha mkono, bado umelowa. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili.

"Shikamoo, shangazi."