Sekunde Ishirini za Fauzi

Dumu la asali lilipasuka stesheni ya Tabora, abiria wakigombania treni ya Mwanza, asali ikamwagikia begi la kompyuta la Fauzi. Aligeuka na hasira zake zote, akakutana na msichana mwenye gauni la kitenge cha njano, mkono mdomoni, macho yakicheka.

"Samahani, kaka. Ila hiyo ni asali ya nyuki wadogo, ungeilipia!"

"Basi nidai. Nipe namba yako."

Ndivyo alivyompata Minza wa Bukene. Miezi minane simu zao hazikupoa.

"Mwarabu wangu, posa inakuja lini?"

"Jumamosi, mpenzi. Ami Nasor ataileta mwenyewe."

Fauzi alitunza kompyuta za hospitali moja binafsi mjini. Ndani ya mashine moja kubwa ziliishi mashine pepe tisa, kila moja ikijiona kompyuta kamili, zote zikipokezana prosesa ileile, ubongo wa mashine. Iliyokosa zamu ilisubiri kimya. Ikinyamaza dakika mbili, mfumo uliihesabu imekufa, ukaizima na kuiwasha upya, na simu ya Fauzi ikalia.

Jumamosi ile hakutaka simu ya mtu mwingine ila ya ami yake. Akazima tahadhari hizo za simu, akapunguza dakika mbili zikawa sekunde ishirini. Zijifufue zenyewe, leo ni siku yangu, alijisemea. Mjinga yule!

Saa nane mchana Nasor akapiga. "Barua wameipokea. Vigelegele mpaka barabarani!"

Saa tisa akapiga Minza, analia. "Kaka yangu Shilinde kagongwa na lori huko Tabora. Yuko hospitalini kwenu. Wanatafuta damu na kompyuta haifunguki!"

Fauzi alikimbia. Mashine ya orodha ya damu ilikuwa nzima. Kazi zilikuwa nyingi, ikasubiri zamu yake sekunde thelathini, ikauawa. Ikaamka, ikasubiri, ikauawa tena. Saa nzima. Alirudisha dakika mbili, orodha ikafunguka. Damu ya kundi la Shilinde ilikuwepo, chupa nne, kwenye jokofu la jengo la pili. Ilipofika, Shilinde alikuwa ameshakata roho.

Msibani Bukene, mama yake Minza alimshika Fauzi mikono yote miwili. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeifungua ile kompyuta. Ulijitahidi."

Fauzi alitamani ardhi immeze. Tangu siku hiyo hakupokea simu za Minza. Wiki ya tatu Minza akamfuata Tabora, kanga nyeusi mabegani, amekonda.

"Kwenu wamenikataa, siyo? Niambie tu."

"Hapana, Minza. Kaa."

Akamweleza yote, mpaka zile sekunde.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Hakuna."

"Ungenyamaza, tungeoana."

"Ndiyo."

Minza akalia kwa sauti, naye Fauzi hakuthubutu kumgusa.

"Nakupenda, Fauzi, Mungu anajua. Lakini siwezi kulala ubavuni kwako." Akajifuta uso kwa kanga. "Nyumbani nitasema mimi ndiye niliyekukataa. Watanigombeza, basi."

"Nitakuja nimwambie mama ukweli."

"Usije!" Alikuwa ameshafika mlangoni. "Kila jioni anakuombea kwa jina, kama alivyokuwa akimwombea Shilinde. Mwache aendelee."