Programu Iliyohamia Ukurasa wa Nne

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu moja ya Juni 2013, Bwana Lusubilo alitoka mbio kwenye ofisi yake ya uwakala wa forodha, Tunduma, akipiga kelele kwamba ameibiwa.

Koplo Enesi alikuwa akinunua maandazi ng'ambo ya barabara. Alifunga vifungo vya sweta, akavuka.

"Wameiba nini?"

"Programu ya kuandikia hati za mizigo, Afande! Kila ukiwasha kompyuta hujifungua yenyewe. Leo haipo. Malori matatu yanasubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, na moja lina samaki!"

Enesi alikagua kufuli, kisha dirisha. Vyote vilikuwa vizima. Kompyuta ilikuwa mezani, na kwenye skrini bibi harusi alikuwa akicheka kando ya bwana harusi mwenye masikio makubwa ajabu.

"Mwizi gani huyu, aache kompyuta abebe kilichomo?"

"Ni mtu wa ndani." Lusubilo alimnyooshea kidole Ikupa, karani wake mpya. "Hiyo ni picha yake. Jumamosi alikaa hapa. Isipopatikana kufikia saa sita, kazi hana!"

Ikupa alishika ukingo wa meza. Kazi hiyo alikuwa ameitafuta miaka miwili.

"Binti, Jumamosi programu uliiona?" Enesi aliuliza.

"Niliiona, Afande. Nikaenda kula. Niliporudi kufunga ofisi, kompyuta ilikuwa imezimwa."

"Nani aliizima?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

Ikupa alitazama sakafu. "Yule wa meza ile."

"Ana jina?"

"Analo."

"Litaje."

"Siwezi, Afande."

"Umeona?" Lusubilo alifoka. "Anamficha mwenzake!"

"Meza ile ni ya nani?"

"Ya mzee Yonasi, karani wangu wa siku nyingi, lakini huyo hana neno. Tena siku hizi anaandikia uani. Anasema humu ndani kuna joto."

Enesi alitazama mikono yake, iliyokuwa imekakamaa kwa baridi. Aliagiza aitwe Mika, fundi aliyeitengeneza kompyuta hiyo.

"Huyo naye mwizi," Lusubilo alinong'ona. "Jumamosi duka lake lilikuwa limefungwa."

"Nilikuwa msibani Isansa, bosi, na watu mia waliniona nikila," Mika alisema akiingia. Alibofya kimoja kati ya viboksi vinne vidogo chini ya skrini. Picha ya harusi ikatoweka. Programu ya hati ikatokea.

"Hii hapa. Kompyuta hii ina kurasa nne, moja nyuma ya nyingine. Unaiambia programu: mashine ikiwaka, wewe fungukia ukurasa fulani. Hii imeambiwa wa nne."

"Viboksi vile si mapambo?" Lusubilo aliuliza.

"Bosi, nilikufundisha! Ila ulikuwa kwenye simu. Mzee Yonasi ndiye aliyesikiliza."

"Basi Ikupa ameificha makusudi!"

"Ikupa anaujua ukurasa wa kwanza tu. Ijumaa aliniomba picha yake ijifungue hapo, kando ya hati. Mumewe yuko Chitete. Amemkumbuka."

Ikupa alijifunika uso kwa kanga.

"Binti," Enesi alisema taratibu, "umeolewa wapi?"

"Ileje. Kwa Wandali."

"Baba mkwe wako anaitwa nani?"

Ikupa aliivuta kanga hadi kidevuni.

"Hamjui baba mkwe wake?" Lusubilo alishangaa.

"Anamjua mno," Enesi alisema, akatoka uani.

Mzee Yonasi alikuwa amekaa juu ya magunia ya chumvi ya Ivuna, ana makoti mawili na kofia iliyoshindwa kufunika masikio yake. Aliposikia kwamba Ikupa anafukuzwa, kalamu ilimwanguka. Alikwenda hadi dirishani, akasimama nje na kugeuzia ofisi mgongo.

"Bosi," aliuambia ukuta wa uani, "programu niliihamisha mimi. Huyo ni mke wa mwanangu. Kwetu sisi hatutazamani, hatukai pamoja, hatutajani. Nikahamia uani. Jumamosi amekwenda kula, naingia kuandika hati, natazama kompyuta, huyu hapa! Ananicheka usoni!"

"Si ungeihamisha picha?"

"Niishike?"

"Ungeniambia, mzee wangu!"

"Ningekuambiaje bila kumtaja?"

Lusubilo alijikuna kichwa. "Afande, hapa tunamshtaki nani?"

"Tumshtaki aliyekuwa kwenye simu," Enesi alisema.

Ikupa alikuwa amejibanza nyuma ya kabati. "Afande," alisema kwa sauti ndogo, "mwambie picha naitoa. Mwambie anisamehe."

"Mzee, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie asiitoe. Mika aipeleke ukurasa wa pili, nami nitakuwa nafungua wangu tu. Na mwambie... mwambie harusi ilipendeza."

Enesi alifikisha, ingawa kati yao hapakuwa na hatua tano.

Ikupa alipiga chapa hati ya samaki. Akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, akarudi nyuma ya kabati. Mzee Yonasi, bila kugeuka, alipeleka mkono nyuma, akapapasa kushoto, akapapasa kulia, akaikamata.

"Asante, mama," aliuambia ukuta, akaondoka haraka kuelekea kwenye malori, akiivuta kofia juu ya masikio yasiyofunikika.