Jini Aliyekaa Kwenye Asbestosi

Persis aliifuta meza asubuhi, na kufikia saa nne ilikuwa nyeupe tena kwa vumbi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na barabara ya Kebirigo ilikuwa bado imelowa mvua ya jana. Akaifuta mara ya pili, kisha akaketi. Siku hizo hata kushangaa kulimchosha.

Kitandani, mumewe Manasseh alivuta pumzi. Juu ya dari la gunia kitu nacho kikavuta. Alipokohoa, kilinyamaza kana kwamba kinasikiliza.

"Umesikia?" Persis alinong'ona.

"Nasikia kila siku. Wacha tu."

Manasseh alikuwa fundi wa mapaa. Miaka mingi alikata asbestosi kwa msumeno wa mkono katika maduka ya mjini, na akirudi jioni Persis alimkung'utia ovaroli uani huku wakipiga soga. Jaswant, mwenye duka aliyempenda sana, alipoweka mabati mapya alimpa asbestosi yake ya zamani bure. Ndiyo waliyoezekea nyumba hii, na majirani wakawaonea gere.

Daktari wa Kisii alimtoa Manasseh maji kifuani, akawaambia waziwazi: ni saratani ya utando wa mapafu, imeletwa na vumbi la asbestosi, na ilijificha miaka yote hiyo bila kubisha hodi. "Hiyo paa msivunje," alisema. "Tafuteni watu wanaojua kuitoa. Mkiipiga, mtaivuta nyote." Persis aliitikia kwa kichwa. Alitaka kulia, machozi yakakataa.

Mama mkwe wake, Mong'ina, hakukubali. "Hiyo ni vumbi gani inachagua mtu mmoja? Si sisi wote tunalala humu? Mtoto wangu amerogwa, Persis. Kuna jini huko juu, na nimeita mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Joash, omoriori, mfukuaji wa uchawi uliofichwa majumbani. Tangu enzi za nyumba za nyasi, omoriori hupanda paani kupekua. Nyasi hupekuliwa kwa mkono. Joash alikuja na jembe.

"Mama, daktari alisema tusiguse," Persis alisema kwa sauti ya chini.

"Na huyo daktari amemponya?"

Persis akampisha Joash mlangoni. Alitaka mumewe apone, basi, na aliyesema atapona alikuwa Joash peke yake.

Pigo la kwanza liliangusha kipande, na kile kitu kikapiga ukelele mwembamba ulioingia mpaka kwenye meno, Joash akapiga tena na tena huku gunia likichanika na unga mweupe ukimwagika bila harufu yoyote, ukiwakalia nywele na kope majirani waliojaa mlangoni wakiimba nyimbo za kanisa kwa vinywa wazi, ukimkalia Mong'ina aliyekuwa akilia kwa furaha, ukimkalia mjukuu wao Linet aliyeukinga kwa viganja na kuulamba akicheka, na kitandani Manasseh aliinua mkono, akajaribu kusema mtoeni mtoto, lakini hakuwa na pumzi ya kusemea, na wao wakadhani anamshukuru Mungu.

Joash alishuka na pembe iliyofungwa kitambaa, akasema ndio uchawi wenyewe. Vigelegele vikapigwa. Huko juu kulikuwa kimya, mbingu tu. Persis aliona nafuu, nafuu ya kweli, akaionea haya kwa vile ilivyokuwa tamu.

Majirani hawakuondoka mikono mitupu. Nyanchera wa nyumba ya pili aliomba vipande vya kuezekea banda la kuku, mwingine akataka cha kusugulia sufuria, mwingine cha kufunikia tope mlangoni. Persis aligawa mpaka vikaisha, akashukuriwa na kila mmoja.

Aliporudi ndani, Manasseh alikuwa ameegemea mto, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sauti yake ilitoka nzima.

"Umewapa akina nani?"

"Wote walioomba."

Manasseh alifumba macho. Linet akaja mbio kutoka uani, nyusi zake nyeupe, amenuna.

"Babu, wote wamepewa. Na mimi changu?"

Manasseh alimpangusa mdomo kwa kidole gumba, polepole.

"Wewe ulishapata, mama," akasema.