Mkoba wa Bibi Mlangoni

Kila asubuhi Fundi hufungua dirisha, huondoa kitambaa juu ya cherehani na kuanza kushona. Ukutani mbele yake kuna karatasi ya tahadhari ya mafuriko. Ina miaka miwili pale. Fundi huchomeka pini zake humo.

Siku moja jirani yake, mhudumu wa afya, alikuja kuchukua gauni. Akaitazama ile karatasi.

"Shoga, hii umeisoma?"

"Naijua yote! Weka tayari maji, tochi na dawa. Zima umeme. Nenda mahali pa juu."

"Na wewe umeweka tayari nini?"

Fundi alicheka. Hakuwa na hata tochi. Na mwaka juzi maji yalifika magotini humo humo ndani. Dawa za presha za mama mkwe wake ziliharibika zote. Bibi huyo alizidiwa, nusura wampoteze.

"Hivi kwa nini?" Fundi aliuliza. "Najua, naogopa, na bado sifanyi."

"Hata mimi lilinisumbua hilo," alisema mhudumu. "Kujua tu hakutoshi. Hofu nayo hupoa jua likiwaka. Mtu hufanya jambo akishapanga lini, wapi na nani. Haya, tujaribu. King'ora cha mafuriko kimelia! Nani anafanya nini?"

Mume wa Fundi ni mpaka rangi. Alikuwa pale pembeni anakunywa chai. "Namchukua mama," alisema.

"Na mimi namchukua mama," alisema Fundi.

Bibi aliwatazama kutoka kitini kwake. "Mmoja kichwa, mwingine miguu, kama kitanda. Na dawa zangu kashika nani?"

Wote wakaangua kicheko, lakini Fundi aliona aibu.

Wakagawana kazi. Mume atamshika mama mkono. Fundi atazima umeme na kubeba maji na tochi.

"Na mimi?" aliuliza Bibi.

"Wewe utulie tu, mama," alisema mwanawe.

"Mimi si gunia. Nipeni kazi!"

Mhudumu alisogeza kiti. "Bibi, dawa unameza saa ngapi?"

"Asubuhi, nikimaliza chai."

"Basi ukishameza, zirudishe kwenye mkoba, siyo kabatini. Mkoba ukae mlangoni. Chai ndiyo itakukumbusha kila siku."

Siku hiyo hiyo Fundi alishona mkoba kwa vipande vya vitambaa. Jioni wakafanya zoezi la kwenda ghorofani, kwenye shule iliyo karibu. Mume alipoteza dakika tano akitafuta viatu. Wakarudia mpaka wakazoea. Majirani waliwacheka. Wiki iliyofuata, watatu walikuja kuomba washonewe mikoba.

Mvua kubwa zikaja. Mchana mmoja king'ora kililia kweli. Mume alikuwa nyumbani, maana rangi haipakwi kwenye mvua. Fundi alizima umeme, akabeba maji na tochi. Mumewe alikimbilia chumbani kwa mama yake. Kiti kitupu!

"Mama! Mama uko wapi?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, mkoba shingoni.

"Bado unatafuta viatu?" aliuliza.

Maji yaliingia nyumbani mwao tena, lakini wao walikuwa wameshafika juu. Kesho yake asubuhi, kule ghorofani, Bibi aliletewa chai. Alimeza kidonge chake, kikavu kabisa. Kisha akairudisha pakiti mkobani.