Theluji Ilipoyeyuka

Kila siku akitoka shule, Sayo alimsaidia babu yake, mzee Tokuzo, katika bustani ya hekalu mjini Kanazawa. Wakati wa majani kuanguka, kazi yake ilikuwa kuyaokota juu ya kuvumwani, zulia lile laini la kijani lililozunguka bwawa.

"Tumia mikono na ufagio laini tu," Babu alizoea kusema. "Reki ya mianzi ni ya kwenye changarawe. Zulia hili limenizidi umri."

Alasiri moja ya Novemba, gari la viazi vitamu vya kuchoma lilipita nje likiimba wimbo wake. Sayo alitaka kumaliza haraka asilikose. Akachukua reki, akavuta mara tatu. Kipande kikubwa cha kuvumwani kikang'oka, udongo ukabaki wazi.

Sayo aliduwaa. Kisha akakusanya mabaki, akayaficha ghalani ndani ya boksi la viatu, na shimo akalifunika kwa majani mekundu. Gari likaenda zake. Hata hamu ya viazi ilikuwa imemwisha.

Desemba theluji ilianguka. Watu wote waliinung'unikia isipokuwa Sayo, aliyelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile, kwa kuwa shimo lilifichika. Lakini Machi ilipofika, theluji ikaanza kupungua. Kila asubuhi alipita bustanini akairundika upya pale penye shimo. Miplamu ilipochanua, hapakuwa tena na theluji ya kurundika.

Siku hiyo alimkuta Mama Fumi, mpishi wa hekalu, ameinama mbele ya Babu, kando ya shimo lililokuwa wazi.

"Nisamehe, Mzee. Ni koleo langu la theluji. Macho yangu yamechoka, sikuona njia inaishia wapi. Nitaomba kuacha kazi."

"Wewe, Fumi? Miaka ishirini hujavunja hata kijiti humu."

"Basi nani mwingine anapita hapa na koleo?"

"Si yeye, Babu," Sayo alisema. " Ni mimi. Nilitumia reki, mwezi wa Novemba."

Babu alimgeukia. "Vipande viko wapi?"

Sayo alileta boksi. Vilikuwa vikavu na vya kahawia kama majani ya chai. "Vimekufa," alisema huku akilia.

Babu akatumbukiza kimoja katika bakuli la maji. Wakangoja. Polepole vijani vikakunjuka, rangi ya kijani ikarudi.

Mama Fumi alishusha pumzi, akacheka. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa unarundika theluji! Nami nilidhani unajenga sanamu, na mbaya kweli."

Walivifikicha vipande vile, wakavinyunyiza juu ya udongo ili viote upya na kuvigandamiza kwa viganja. Sayo alipamwagilia maji kila asubuhi. Mvua za Juni ziliposhika, udongo ulikuwa umeota manyoya ya kijani.

Novemba iliporudi, gari la viazi lilipita tena. Sayo alimtazama Babu.

"Mwaka jana ungeniambia siku ileile," Babu alisema, "ningekibandika kile kipande pale pale kikashika kabla ya baridi. Ukabeba hofu miezi minne, na Mama Fumi nusura apoteze kazi. Ukikosea, sema mapema, mjukuu wangu, wakati bado tunaweza kukusaidia."

"Ndiyo, Babu."

"Haya, kimbia ukanunue vitatu, kimoja cha Mama Fumi. Majani yatakungoja."

Sayo aliuweka chini ufagio laini, akakimbia.